Namna ya Kuchagua na Kudhibiti Feni za Kompyuta ya Mezani Ili Zisipige Kelele

Wanaoanza kuunda au kurekebisha kompyuta za mezani huuliza maswali yaleyale: kwa nini feni zinavuma hata ninapoandika barua tu, ninunue feni ya aina gani, na kwa nini feni mpya niliyoifunga haitaki kupunguza kasi? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe. Jambo moja nalitanguliza kwa makusudi, kwa sababu wengi hulifikia mwishoni wakiwa wameshatoa fedha: utulivu hutokana kwanza na kasi ndogo isiyopandapanda na kushukashuka, na ubora wa feni unafuata baada ya hapo. Feni ya kawaida inayozunguka mara 700 kwa dakika itakuwa kimya kuliko feni ghali ya ukubwa uleule inayozunguka mara 1,800. Kwa hiyo usinunue chochote kabla ya kumaliza hatua ya 5, kwani huenda kompyuta yako haihitaji feni mpya hata moja.

Nadharia ya kutosha ni hii. Ukipunguza kasi ya feni kwa nusu, kiasi cha hewa inachosukuma nacho hupungua kwa nusu, lakini kelele hushuka kwa takriban desibeli 15, na sikio la binadamu huhisi kushuka kwa desibeli 10 kama kelele zimepungua nusu. Upande wa pili, ukiongeza feni ya pili inayofanana na ya kwanza kwa kila hali, kelele huongezeka kwa desibeli 3 tu. Ndiyo maana feni mbili au tatu zinazozunguka polepole hushinda feni moja inayokimbia.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Tayarisha bisibisi ya nyota, brashi laini, kopo la hewa iliyobanwa, tochi, rula yenye milimita, na karatasi ngumu ya ukubwa wa kawaida. Kitabu cha maelezo cha ubao mama wako (bodi kuu ambayo sehemu zote za kompyuta huchomekwa) ni cha lazima. Kama kimepotea, watengenezaji wengi huweka nakala kwenye tovuti zao, na jina la ubao huwa limeandikwa juu ya ubao wenyewe. Utahitaji pia programu ya kusoma joto na kasi ya feni: kwenye Windows HWiNFO inatosha, na kwenye Linux kifurushi cha lm-sensors.

Kila mara unapogusa ndani ya kasha, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Gusa sehemu ya chuma ya kasha kabla ya kugusa ubao mama, ili umeme tuli wa mwili wako usiunguze vipande vidogo. Feni iliyomo ndani ya pawasaplai, yaani boksi linaloipa kompyuta umeme, usiiguse kabisa: kapasita zake huweza kubaki na umeme wa hatari hata baada ya waya kuchomolewa.

Hatua ya 1: Tafuta kelele zinatoka wapi

Viringisha ile karatasi ngumu iwe bomba, weka ncha moja sikioni, na uipeleke ncha ya pili karibu na kila feni kompyuta ikiwa imewashwa, bila kuruhusu karatasi iguse mapanga. Utashangaa jinsi bomba hilo linavyotenganisha sauti ambazo kwa mbali husikika kama kelele moja. Sikiliza aina ya sauti, kwa sababu kila aina ina dawa yake:

- Mvumo wa upepo unaopanda na kushuka pamoja na kazi ya kompyuta ni suala la kasi, na hatua ya 4 italimaliza.
- Mkwaruzo au mgugumizo unaobaki hata kasi ikiwa ndogo ni dalili ya beringi iliyochakaa, yaani sehemu inayobeba mhimili wa feni. Feni hiyo ibadilishwe.
- Mlio mwembamba wa juu, unaoanza mara tu mchezo unapofunguliwa na kubadilika kufuatana na picha zinazoonekana kwenye skrini, kwa kawaida hutoka kwenye koili za kadi ya grafiki au za pawasaplai. Hakuna feni utakayobadilisha ikaondoa mlio huo.
- Mngurumo mzito wa sauti moja, usiobadilika kamwe, mara nyingi ni wa diski kuu ya sahani. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika hutetema mara 120 kwa sekunde, na kasha la bati jembamba huukuza mtetemo huo. Bonyeza ubavu wa kasha kwa kiganja; sauti ikikatika, shida iko kwenye bati linalotetema, na mpira chini ya diski utaisaidia zaidi kuliko feni.

Ukitaka uhakika, zima kompyuta, chomoa plagi ya feni moja ya kasha, iwashe tena na usikilize kwa dakika moja. Rudia kwa kila feni ya kasha. Feni ya prosesa isichomolewe kwa jaribio hili, wala usijaribu kuisimamisha feni yoyote kwa kidole wakati inazunguka.

Hatua ya 2: Ondoa vumbi

Vumbi lililoziba hitisinki, yaani chuma chenye mapezi kinachoondoa joto kwenye prosesa, hulazimisha feni kukimbia ili kufanya kazi ileile. Shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, ndipo upulize hewa iliyobanwa, kwa sababu feni inayozungushwa kwa hewa hupita kasi yake ya kawaida na beringi yake huumia. Vichujio vya mbele na vya chini vioshwe kwa maji, vikauke kabisa, kisha virudishwe. Iwapo utalazimika kung'oa hitisinki kutoka kwenye prosesa, futa mafuta ya zamani ya kupitisha joto na upake mapya kabla ya kuirudisha. Usiibandike juu ya yale ya zamani.

Hatua ya 3: Tambua plagi na uchague hali sahihi ya udhibiti

Hapa ndipo wengi hukwama. Hesabu matundu ya plagi ya feni yako. Plagi ya matundu matatu ina waya wa ardhi, waya wa volti 12, na waya unaopeleka taarifa ya kasi kwenye ubao mama kwa midundo miwili katika kila mzunguko. Feni ya namna hiyo hupunguzwa kasi kwa kupunguziwa volti tu, na hali hiyo kwenye BIOS (programu ya mipangilio iliyomo kwenye ubao mama wenyewe) huandikwa DC. Plagi ya matundu manne ina waya wa ziada unaobeba amri ya kasi, inayotumwa kwa midundo ya takriban kilohezi 25, juu ya uwezo wa sikio kusikia. Volti 12 hubaki palepale, na mota yenyewe ndiyo inayotii amri. Hali hiyo huandikwa PWM.

Plagi ya matundu matatu huingia bila shida kwenye soketi ya pini nne, na ndiyo sababu ya swali linaloongoza yote: feni ya matundu matatu iliyochomekwa kwenye soketi iliyowekwa PWM itazunguka kwa kasi ya juu kabisa wakati wote, kwa kuwa inapata volti 12 kamili na haina waya wa kupokea amri. Haijaharibika. Ingia kwenye BIOS kwa kubonyeza Delete au F2 mara tu kompyuta inapowaka, tafuta sehemu ya feni (kwenye ubao wa ASUS huitwa Q-Fan, na kwenye ubao wa Gigabyte huitwa Smart Fan), kisha ubadilishe soketi hiyo iwe DC. Hali ya kujichagulia yenyewe ipo kwenye ubao nyingi, lakini huwa inakosea mara kwa mara. Mimi naona ni afadhali kuchagua mwenyewe kwa kila soketi. Kinyume chake, feni ya matundu manne ikiwekwa DC itafanya kazi, ila huenda isishuke hadi kasi ndogo kama ambavyo ingeshuka kwa PWM.

Zingatia pia majina yaliyoandikwa kando ya soketi. CPU_FAN ni ya feni ya prosesa peke yake. CHA_FAN au SYS_FAN ni za feni za kasha. Soketi yenye neno PUMP imetengwa kwa pampu ya kupoza kwa maji na kwa kawaida hutoa kasi kamili muda wote. Feni ya kasha ukiichomeka hapo bila kubadilisha mpangilio itavuma bila kukoma, na pampu ukiipunguza kasi ovyo utaiweka prosesa hatarini.

Hatua ya 4: Panga grafu ya kasi kwenye BIOS

Grafu ya kasi ni maelekezo yanayosema joto likifika kiwango fulani feni izunguke kwa asilimia fulani. Mpangilio wa kiwandani huwa na woga: huongeza kasi mapema mno na kwa haraka mno. Prosesa za kisasa huruka nyuzi 10 hadi 20 ndani ya sekunde moja unapofungua programu, kisha hushuka tena, na feni inayofuata kila mruko hupanda na kushuka siku nzima. Hitisinki yenyewe haijapata hata muda wa kupata moto, kwa hiyo mbio hizo zote ni za bure.

Anza kwa kutafuta kasi ya chini ya feni. Punguza asilimia kwa tano tano hadi isimame, kisha uipandishe taratibu hadi ianze kuzunguka yenyewe. Utaona kwamba feni huhitaji msukumo mkubwa zaidi kuanza kuliko ule wa kuendelea: inaweza kuendelea kuzunguka kwa asilimia 20 lakini ikakataa kuanza hadi ipewe 28. Kiwango chako cha chini kiwe juu kidogo ya kile cha kuanzia, si cha kusimamia, la sivyo ipo siku kompyuta itawaka na feni itabaki imelala.

Kwa feni ya prosesa, grafu ifuatayo ni mwanzo mzuri kwa kompyuta nyingi, na nyuzi zote humu ni za Selsiasi: hadi nyuzi 55 ibaki asilimia 30, kwa nyuzi 65 iwe asilimia 45, kwa nyuzi 75 iwe asilimia 65, na kwa nyuzi 85 iwe asilimia 100. Sehemu ndefu bapa mwanzoni ndiyo inayoleta utulivu unapofanya kazi nyepesi. Kisha tafuta kipengele cha kuchelewesha mabadiliko, ambacho karibu kila BIOS ya sasa inacho kwa jina moja au jingine, na uweke sekunde kadhaa kabla ya kasi kupanda na muda mrefu zaidi kabla ya kushuka. Kama kuna nafasi ya kuweka tofauti ya nyuzi kati ya kupanda na kushuka, nyuzi 3 hadi 5 zinafaa. Marekebisho haya ya muda, ambayo wengi huyapita bila kuyatazama, huleta nafuu kubwa kuliko kuhamishahamisha nukta za grafu kutwa nzima.

Feni za kasha zina kosa lake maalumu: kufungwa kwenye joto la prosesa. Kazi yake ni kutoa hewa moto ya kasha zima, na kwenye kompyuta ya michezo chanzo kikubwa cha hewa hiyo ni kadi ya grafiki. Kwenye BIOS, chagua kihisi cha ubao mama kiwe kiongozi wa feni za kasha, kwa kuwa joto lake hupanda polepole. Au uziache kwenye kasi moja isiyobadilika, kwa mfano asilimia 35 au 40. Sikio huzoea sauti ya chini isiyobadilika baada ya dakika chache, lakini halizoei sauti inayopanda na kushuka hata kama kipimo chake ni kidogo.

Hatua ya 5: Pima chini ya mzigo

Fungua programu ya kusoma joto, kisha uipe kompyuta kazi nzito kwa nusu saa: Prime95 au Cinebench kwa prosesa, na mchezo mzito unaoucheza kwa kawaida kwa kadi ya grafiki. Dakika tano hazitoshi, kwa sababu kasha na hitisinki huchukua muda kufikia joto lake la mwisho. Andika joto la juu la prosesa, la kadi ya grafiki, na la chumba. Hilo la chumba si la kupuuza: chumba kikiongezeka nyuzi 5, vipimo vya ndani navyo huongezeka takriban vivyo hivyo, na mpangilio uliopita mtihani asubuhi unaweza kushindwa mchana wa joto.

Prosesa nyingi za Intel hujipunguzia kasi zinapokaribia nyuzi 100. Za familia ya Ryzen 7000 zimeundwa kufika hadi nyuzi 95 chini ya mzigo mkubwa, na za Ryzen 5000 kwa kawaida mpaka wake ni nyuzi 90. Ukibaki chini ya nyuzi 85 kwa kazi zako halisi, huna la kuhofia. Prime95 ni adhabu ambayo matumizi ya kila siku hayaifikii, kwa hiyo usikimbilie kupandisha grafu nzima kwa sababu ya matokeo yake peke yake.

Ikiwa sasa kelele zinavumilika na joto liko salama, kazi imekwisha na fedha yako imebaki mfukoni. Endelea na hatua ya 6 endapo feni imechakaa, au endapo haishuki chini ya kasi inayosikika.

Hatua ya 6: Chagua feni mpya

Pima kwanza umbali kati ya matundu ya skrubu, kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine kwenye upande mmoja. Milimita 71.5 ni feni ya milimita 80, 82.5 ni ya 92, 105 ni ya 120, na 124.5 ni ya 140. Unene wa kawaida ni milimita 25, na zipo feni nyembamba za 15 kwa makasha yenye nafasi finyu, ambazo kwa kawaida hupiga kelele zaidi kwa kazi ileile. Kasha likikubali feni ya 140 badala ya 120, chukua ya 140.

Baada ya ukubwa, jiulize feni itakaa wapi. Itakayosukuma hewa kupitia hitisinki, rejeta ya maji, au kichujio kizito inahitaji msukumo, unaoandikwa kwa milimita za maji. Itakayotoa hewa nyuma ya kasha bila kizuizi inahitaji wingi wa hewa, unaoandikwa kwa CFM (futi za ujazo kwa dakika) au kwa mita za ujazo kwa saa. CFM moja ni takriban mita za ujazo 1.7 kwa saa. Kumbuka kwamba namba hizi mbili zilizoandikwa kwenye boksi hazitokei kwa pamoja: wingi wa juu hupimwa pasipo kizuizi chochote, na msukumo wa juu hupimwa hewa ikiwa imezibwa kabisa. Desibeli za kwenye boksi nazo usizitumie kulinganisha kampuni mbili, kwani kila kampuni hupima katika mazingira yake, feni ikiwa peke yake, bila kichujio wala kasha.

Namba ninayoiangalia mimi kabla ya zote ni kasi ya chini. Feni inayoshuka hadi mizunguko 300 au 500 kwa dakika inakupa nafasi ya kuipanga. Ile inayoishia 900 imeshaamua kwa niaba yako. Kasi ya juu ya 1,500 hadi 1,800 inatosha kwa kasha la nyumbani, na hutaifikia mara nyingi. Kuhusu beringi, zile za bushi ni za bei nafuu na huwa kimya zikiwa mpya, lakini huchakaa mapema, hasa feni ikifungwa ikiwa imelala juu au chini ya kasha. Zile za gololi hudumu hata kwenye joto kali, ila hutoa mlio mdogo wa mdundo unaosikika kwenye kasi ndogo. Kwa utulivu, tafuta beringi ya kimiminika. Chagua plagi ya matundu manne, na ununue feni zote za kasha za modeli moja ili zitii amri kwa namna moja.

Taa za rangi hazipunguzi joto hata nyuzi moja, lakini ukizipenda, angalia waya wake: zipo za volti 5 zenye pini tatu na zipo za volti 12 zenye pini nne, na taa ya volti 5 ikichomekwa kwenye volti 12 huungua papo hapo.

Hatua ya 7: Funga feni

Hewa huingia upande wa feni ulio wazi na hutokea upande wenye miguu inayoshikilia mota. Feni nyingi zina mshale pembeni unaoonyesha hivyo. Feni za mbele ziingize hewa, za nyuma na za juu ziitoe, na hewa inayoingia izidi kidogo inayotoka ili vumbi lipite kwenye vichujio badala ya kunyonywa kupitia kila upenyo. Tumia vishikizo vya mpira badala ya skrubu ikiwa feni imekuja navyo. Ukitumia skrubu, zikaze hadi zishike tu, kwa sababu fremu ya plastiki iliyokazwa kupita kiasi hujipinda na mapanga huanza kukwaruza. Kama uso wa kuingizia hewa umebanana na bati lenye matundu, feni hulia kama king'ora, na nafasi ya milimita chache kwa kuweka fremu tupu ya feni ya zamani au spesa ya mpira hupunguza mlio huo kwa kiasi kinachosikika wazi.

Soketi ya kawaida ya ubao mama hubeba ampea 1. Jumlisha ampea zilizoandikwa kwenye vibandiko vya feni kabla ya kuziunganisha kwa waya wa matawi, unaochomeka feni kadhaa kwenye soketi moja. Feni tatu za ampea 0.2 hazina tatizo, lakini jumla ikizidi ampea 1 tumia kigawanyo kinachopata umeme wake kutoka kwenye pawasaplai. Waya mzuri wa matawi huwa na tawi moja tu lenye pini ya taarifa ya kasi, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Hatua ya 8: Tumia programu pale BIOS inapoishia

BIOS kwa kawaida haisomi joto la kadi ya grafiki, na hapo programu ndiyo msaada. Kwenye Windows, programu ya bure iitwayo Fan Control inaweza kuchukua joto la prosesa na la kadi ya grafiki kisha kufuata lililo juu zaidi, jambo linalofaa mno kwa feni za kasha. Usiwe na mabosi wawili: programu ya mtengenezaji wa ubao na Fan Control zikifanya kazi pamoja zitagombania feni moja, na kasi itayumba. Grafu ya BIOS nayo ibaki salama, kwa kuwa ndiyo inayotawala hadi mfumo endeshi uwake.

Kwenye Linux, endesha amri ya sensors-detect ili mfumo utambue vihisi, thibitisha kwa amri ya sensors, kisha uendeshe pwmconfig. Amri hiyo husimamisha feni moja baada ya nyingine ili ijue ipi ni ipi, kwa hiyo ifanye kompyuta ikiwa haina kazi. Majibu yako huhifadhiwa kwenye faili ya /etc/fancontrol, ambamo MINTEMP na MAXTEMP ni mipaka ya joto, MINSTART ni thamani ya kuanzisha feni iliyosimama, na MINSTOP ni thamani ya chini ambayo feni bado inazunguka. Thamani hizo huenda kutoka 0 hadi 255, si kwa asilimia. 128 ni nusu. Mwishowe washa huduma ya fancontrol ili ianze pamoja na kompyuta.

Mambo yakienda kombo

*Kompyuta inagoma kuendelea kuwaka na kulalamika kuhusu feni ya prosesa.* Kagua kwanza kama plagi iko kwenye CPU_FAN na feni inazunguka kweli. Ikiwa inazunguka, kasi yake imeshuka chini ya mpaka wa tahadhari uliowekwa kwenye BIOS. Shusha mpaka huo hadi mizunguko 200 au 300 kwa dakika. Kuuzima kabisa ni kujinyima onyo ambalo siku moja utalihitaji.

*Kasi inasomeka sifuri ilhali feni inazunguka.* Huenda feni hiyo iko kwenye tawi lisilo na pini ya taarifa. Ichomeke kwenye tawi jingine ukitaka kuisoma.

*Feni inavuma kwenye kasi fulani tu.* Huo ni mwangwi wa kasha au wa feni yenyewe. Pandisha kasi polepole, andika inapoanzia na inapoishia, kisha upange grafu iruke eneo hilo kwa haraka badala ya kutulia ndani yake.

*Sauti inakuja na kuondoka kwa mawimbi ingawa kasi haibadiliki.* Feni mbili zinazunguka kwa kasi zinazokaribiana sana. Tofautisha moja kwa asilimia 5 hivi.

*Mota inatoa mnong'ono wa umeme kwenye kasi ndogo.* Jaribu kubadilisha soketi hiyo kutoka PWM kwenda DC. Baadhi ya feni hutulia mara moja.

*Feni za kadi ya grafiki zinaanza na kusimama kila baada ya dakika chache.* Kadi nyingi husimamisha feni zake zikiwa hazina kazi, na joto likielea karibu na mpaka wa kuanzia huleta tabia hiyo. Ongeza kasi ya feni za mbele za kasha kwa asilimia 5 hadi 10, na kadi itakaa chini ya mpaka.

*Kwenye Linux, feni zinapoteza mpangilio baada ya kompyuta kuamka usingizini au baada ya kusasisha kerneli (kiini cha mfumo endeshi).* Kwa kisa cha kwanza, anzisha upya huduma ya fancontrol. Kwa kisa cha pili, namba za hwmon, ambazo Linux hutumia kutambua vihisi, zimebadilishana nafasi na huduma imekataa kuanza kwa usalama wako. Endesha pwmconfig upya ili faili iandikwe kwa namba mpya.